Mzee wa Kanisa na Utenzi wa Bibi

Bibi yangu alizikwa Rungwe siku ya mvua. Kwa kuwa mimi ndiye "anayesoma Kiswahili" katika ukoo wetu, niliambiwa niandike shairi la kumuaga. Nilikesha nikiandika utenzi: beti ishirini na mbili, mizani nane kila mstari, mistari mitatu ikipatana kwa kina na wa nne ukirudia kina kilekile tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Nilianza kwa kumwomba Mungu anipe maneno. Nilimaliza kwa kutaja jina langu na kuwaomba wasikilizaji wanisamehe nilipokosea. Tenzi nyingi za zamani huanza na kuisha hivyo, nami nilifuata kanuni.

Asubuhi, kabla ya ibada, mzee mmoja wa kanisa aliomba kuuona. Bibi alikuwa Mmoravian maisha yake yote, na mzee yule alimfahamu kuliko mimi. Alisoma polepole, akavua miwani. "Mwanangu, umeandika vizuri. Ila huku mwanzo na huku mwisho si namna yetu. Hii ni ya Waislamu."

Sikubishana. Mtu habishani na mzee wakati maiti iko ndani. Nilikata beti tatu za mwanzo na mbili za mwisho, nikasoma zilizobaki kaburini. Watu walinishukuru. Lakini nilipokuwa nasoma nilisikia wazi kwamba kilichosalia ni wasifu wenye vina: alizaliwa, aliolewa, alilima, alilea, alifariki.

Nilirudi Mbeya na hasira. Siku hizo nilikuwa naandika sura ya pili ya tasnifu yangu, kuhusu umbo la utenzi, na ndani yake nilikuwa nimeandika kwamba dua za mwanzo na mwisho ni "vipengele vya kimapokeo visivyoathiri dhamira". Niliposoma sentensi hiyo tena, hasira ikageuka aibu. Mzee alikuwa ameambiwa na masikio yake kwamba beti zile zina dini ndani. Mimi, kwa miaka yote ya kusoma fasihi, nilikuwa nimejifunza kuziona kama pambo. Kati yetu wawili, yeye ndiye aliyekuwa mhakiki.

Shuleni tulifundishwa utenzi kama hesabu: mizani, vina, vipande, idadi ya mishororo. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini haisemi umbo lilizaliwa kufanya kazi gani. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728 na Bwana Mwengo, unasimulia habari za Mtume na jeshi la Warumi wa Mashariki. Tenzi za namna hiyo zilighanwa mbele ya watu, na kusikiliza kwenyewe kulikuwa karibu na ibada. Anayeanza kwa kumwomba Mungu huwa anaomba ruhusa ya kusema.

Chukua Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, ambao karibu kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili amekutana nao. Mama mgonjwa, mjane wa mtawala wa Siu, anamwita binti yake akae karibu na wino na karatasi ili ampe wasia. Tunachobishania darasani ni nusu ya kwanza: mke amtii mume kiasi gani, na je, huo ni utumwa au ni busara ya mjane anayejua dunia ilivyo? Mjadala ni halali. Lakini sehemu kubwa ya nusu ya pili ni dua. Mama anaacha kumfundisha binti, anamgeukia Mungu, anawakabidhi kwake watoto na ndugu zake, anaomba afya. Karibu na mwisho anajitaja kama mgeni mwenye huzuni, na anaomba asamehewe dhambi zake.

Ukiikata dua hiyo, kama wengi wetu tunavyoikata kimyakimya tunapohakiki, unabaki na orodha ya amri za mama kwa bintiye. Ukiiacha, unakutana na mtu aliyetoa amri zote hizo akijua kwamba hatakuwepo kuona kama zimefuatwa. Aliyekuwa akiagiza sasa anaomba. Dua inabadilisha sauti ya kila ubeti ulioitangulia. Hicho ndicho nilichokiondoa kwenye utenzi wa bibi: mahali ambapo mjukuu anakiri kwamba maneno yake hayatoshi.

Kwa hiyo mzee alikuwa sahihi kwamba umbo linabeba dini. Swali ni kama dini linayoibeba ni mali ya nyumba moja tu.

Wengine walishajaribu jambo hili. Katika karne ya 9, baada ya Wasaksoni kuingizwa katika Ukristo kwa upanga wa Charlemagne, mshairi asiyejulikana jina aliisimulia Injili kwa lugha yao katika utungo uitwao Heliand, akitumia umbo la mashairi yao ya vita. Yesu akawa mtemi na wanafunzi wake wakawa askari waliomwapia utii. Ng'ambo ya bahari yetu hii ya Hindi, mwaka 1616, Mjesuti Mwingereza aliyeishi Goa, Thomas Stephens, alichapisha Kristapurana, habari za Biblia kwa Kimarathi katika umbo la purana za Wahindu. Katika kazi zote mbili umbo halikukaa kimya. Lilivuta Injili upande wake.

Kwetu aliyefanya hivyo ni Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, Mkatoliki, mtu tunayemkumbuka zaidi kwa ngonjera. Aliandika Utenzi wa Enjili Takatifu na Utenzi wa Zaburi. Alikuwa mtu wa bara, mbali na Pate na Lamu, akaichukua bahari iliyokuwa imebeba habari za Mtume kwa karne nyingi na kuipakia habari za Yesu. Kwa kawaida tunamsifu kwa umahiri wa vina. Mimi naona alifanya jambo zito zaidi.

Fikiria Injili ya Luka inavyoanza. Luka anamwambia Theofilo kwamba amechunguza kila kitu kwa makini tangu mwanzo, ndipo akaona vema aandike kwa utaratibu. Ni sauti ya mchunguzi anayejiamini. Mtunzi wa utenzi, kwa mapokeo ya umbo, ni mwombaji anayebisha hodi kabla ya kusimulia. Kuipeleka Injili kwenye utenzi ni kuikaribisha katika adabu hiyo, na adabu hiyo waliitunza Waislamu wa pwani. Mkristo anayeipokea hajasilimu. Amejifunza kwa jirani namna ya kusimama mbele za Mungu na kalamu mkononi.

Natamani ningemwambia mzee hivyo. Ningemkumbusha pia kwamba siku ile ile ya mazishi tuliimba kwa Kinyakyusa nyimbo za tuni za Kijerumani, zilizokuja na wamisionari wa Kimoravian waliofika Rungwe mwaka 1891, na hakuna aliyesema si namna yetu. Tulimwita Mungu Kyala, jina lililokuwako kabla ya mmisionari yeyote kupanda milima ile. Na tulipohamia Kiswahili tulisema sala, ibada, imani, malaika, maneno yote ya Kiarabu. Bibi aliagwa kwa mali ya nyumba nyingi. Beti zangu tano ndizo pekee zilizoombwa hati ya kusafiria.

Hata hivyo siwezi kumlaumu. Tuni ile ya Kijerumani imekuwa yake kwa sababu aliiimba akiwa mtoto, akaiimba akiwazika wazazi wake. Utenzi haujamzikia mtu. Umbo haliwi la watu kwa hoja ya mwanafunzi wa uzamili. Huwa lao likitumika siku ambayo hawana kingine cha kusema.

Sentensi ile ya sura ya pili nimeifuta. Msimamizi wangu ananiuliza nitaweka nini mahali pake, na bado naandika.

Wiki iliyopita shangazi alinipigia simu. Alisema aliniona nikikata karatasi kwa kisu cha jikoni asubuhi ile, akataka kujua kilichokuwa kwenye kipande kilichotolewa. Nikamsomea beti tatu za mwanzo, kisha mbili za mwisho. Alinyamaza kidogo.

"Nitumie wote," akasema. "Usipunguze."