Uhakiki wa Istilahi "Majawabu Yasiyo na Idadi" katika Milinganyo ya Mstari: Mfano wa Bei za Nafaka Hasamba

Katika shule nyingi za msingi za umma nchini Tanzania, hisabati hufundishwa kwa Kiswahili. Katika sekondari, kwa Kiingereza. Jozi za milinganyo hufundishwa sekondari, lakini mwanafunzi huzielewa kwa lugha aliyotoka nayo msingi. Kwa hiyo uteuzi wa maneno ya Kiswahili una uzito, na istilahi "majawabu yasiyo na idadi" inastahili kuhakikiwa.

Chukuliwe mnunuzi wa Hasamba, mkoani Songwe, aliyelipa shilingi 60,000 kwa madebe mawili ya mahindi na debe moja la maharage. Mwenzake amelipa shilingi 120,000 kwa madebe manne ya mahindi na mawili ya maharage, kwa bei zilezile. Bei ya debe la mahindi ikiwa x na ya maharage y, basi 2x + y = 60,000 na 4x + 2y = 120,000. Mlinganyo wa kwanza ukizidishwa kwa 2, kisha ukatolewa katika wa pili, hubaki 0 = 0.

Agizo la kawaida, "tafuta x", hudokeza kuwa x ni moja. Anayelitii anaweza kuandika x = 0, au kwamba hakuna jawabu. Yote mawili ni makosa. Kauli 0 = 0 ni kweli; maana yake ni kwamba mnunuzi wa pili hakuongeza taarifa yoyote. Jawabu lingekosekana iwapo ingebaki kauli ya uongo, kama 0 = 5,000.

Kusema "jawabu lolote" nako hakufai. Mahindi yakiwa shilingi 15,000, maharage ni lazima yawe 30,000. Yakiwa 20,000, maharage ni 20,000. Kiambishi cha "yoyote" kinaihusu x peke yake, y huifuata.

Hatimaye, "yasiyo na idadi" katika matumizi ya kila siku humaanisha mengi mno. Sokoni, ambako bei ni shilingi kamili na huzidi sifuri, idadi ipo: jozi 29,999. Ukomo hutoweka, kwa mfano, pale x inaporuhusiwa kuwa namba halisi yoyote.

Kauli sahihi, basi, ni hii: majawabu hayana ukomo; x ni namba halisi yoyote, na y = 60,000 − 2x. Pasipo usahihi huo, udhaifu wa istilahi huhesabiwa kuwa udhaifu wa mwanafunzi, na Kiswahili huonekana hakitoshi mahali ambapo hakijatumiwa ipasavyo.