Rhapta na Ushahidi wa Delta ya Rufiji

Katika habari za kale za pwani ya Afrika Mashariki, ni majina machache yaliyozusha ubishi kama Rhapta. Periplus, kitabu cha Kiyunani cha karne ya 1 ambacho mwandishi wake hajulikani, chautaja kuwa soko la mwisho la pwani hii. Mwaka 1999 Felix Chami alichapisha habari za shanga za Kirumi zilizofukuliwa Mkukutu, upande wa Kibiti, na kwa ushahidi huo akatia nguvu hoja ya kuutafuta mji huo katika delta ya Rufiji.

Hoja hiyo ni nzito, walakini yafaa ipimwe. Ptolemy, katika karne ya 2, auweka mji huo kando ya mto, mbali kidogo na bahari. Lakini wako wataalamu waliouona mto huo kuwa Pangani. Tena shanga ni kitu chepesi, hupita mikono mingi. Zathibitisha biashara; hazithibitishi mji.

Kosa lililo kubwa zaidi ni kutarajia magofu ya mawe mfano wa Kilwa Kisiwani. Katika habari za Rhapta, Periplus haitaji ukuta wala jumba. Yataja pembe za ndovu na za vifaru na magamba ya kasa, na mikuki na mashoka yaliyoletwa kutoka Muza, bandari ya Yemen. Nyumba za miti na udongo haziachi gofu, na mto hubadili njia zake ukafukia za kale. Atokaye Bungu kuelekea mikokoni asitafute mnara. Atazame vigae na mavi ya chuma.

Kwa mwanafunzi wa lugha liko jambo jingine. Jina Rhapta latokana na neno la Kiyunani la kushona, kwa sababu ya mashua zilizoshonwa kwa kamba, jamaa ya mitepe. Basi hilo ni jina la wageni. Kitabu chasema manahodha wa Kiarabu walioana na wenyeji wakaijua lugha yao. Lakini hakikuandika hata neno moja la lugha hiyo. Kuiita Kiswahili ni haraka isiyo na ushahidi. Hata mji ukipatikana kesho, jina walilouita wenyewe halitafukuliwa pamoja na vigae vyao.