Tuitazame Tena Filamu ya Maangamizi

Wanafunzi wengi hapa Uganda hukisikia Kiswahili kwanza midomoni mwa askari, ndiyo maana hukiona kuwa lugha ya amri tu. Kwao napendekeza "Maangamizi: The Ancient One" (2001), ya Martin Mhando na Ron Mulvihill. Ndiyo filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kuwania tuzo ya Oscar, lakini madarasani mwetu haijulikani.

Dkt. Asira, Mmarekani mwenye asili ya Afrika, anafika katika hospitali ya wagonjwa wa akili nchini Tanzania. Humo anamkuta Samehe, mwanamke ambaye hajatamka neno kwa miaka mingi, na ambaye hutokewa na mzimu uitwao Maangamizi.

Dosari ipo. Maneno ya Kiingereza ya daktari wakati mwingine hueleza jambo ambalo picha imekwisha kulisema. Hata hivyo, kimya cha Samehe kina uzito kuliko hotuba nyingi.

Mwalimu akiionyesha, aanze na jina la mgonjwa huyo. Kisarufi, "samehe" nayo ni amri. Kisha awaulize wanafunzi: anayeamriwa ni nani, naye amsamehe nani?