Watoto Watukutu na Wazazi Wao katika Senema

Watu wazima hupenda kusema kwamba senema ndiyo iwaharibuyo vijana. Wewe msomaji hapana shaka umekwisha kuyasikia maneno hayo, nyumbani ama shuleni. Sikusudii kuyapinga yote, maana ziko picha nyingi zisizomfaa mtu ye yote, mkubwa wala mdogo. Ila nakuomba utazame pamoja nami picha mbili zilizowaudhi watu, zote mbili zikiwa zimetengenezwa kwa fedha kidogo nje ya makampuni makubwa, na zote mbili zikieleza habari za mtoto aliyepotoka na za jamaa zake. Kisha amua mwenyewe kama zaharibu.

Ya kwanza ni ya Kifaransa, nayo yaitwa Les Quatre Cents Coups. Ilionyeshwa mwaka 1959 katika tamasha ya Cannes, na mtengenezaji wake, François Truffaut, kijana wa miaka 27, akapewa tuzo ya uongozaji bora. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amenyimwa kibali cha kuhudhuria tamasha hiyo hiyo, kwa sababu ya ukali wa kalamu yake alipokuwa mhakiki magazetini. Jina la picha ni msemo: Mfaransa akisema hivyo juu ya mtu, maana yake mtu huyo ameishi maisha ya utundu na fujo. Waingereza waliufasiri neno kwa neno, wakapata mapigo 400, na mtazamaji asiyejua Kifaransa aweza kukaa kitini akiyahesabu makofi.

Antoine Doinel ni mwanafunzi wa Paris, umri wake kama wako au pungufu kidogo. Nyumba yao ni ndogo, hata yeye hulala katika ujia mwembamba karibu na mlango, na usiku ndiye apelekaye takataka chini. Mama yake ni mzuri wa sura na mwepesi wa hasira. Baba wa kambo ni mcheshi, ila ucheshi wake hauna kina. Siku moja Antoine anatoroka shule, na huko barabarani anamwona mama yake akibusiana na mwanamume mwingine. Mama naye anamwona. Wote wawili wananyamaza. Kesho yake mwalimu anapomwuliza sababu ya kutofika, mtoto anajibu kwamba mama yake amekufa.

Simama hapa kidogo, msomaji. Kwetu sisi uongo wa namna hiyo ni zaidi ya uongo; ni kama kumwapiza mzazi. Mtengenezaji wa picha duni angetupigia muziki wa huzuni, au angemfanya mtoto atokwe na machozi, tupate kujua la kufikiri. Truffaut hafanyi hivyo. Neno linamtoka mtoto kama mtu aliyebanwa ukutani akashika cho chote kilicho karibu. Mwalimu hajui limetoka wapi, wala baba hajui. Sisi tuliokuwa naye barabarani ndio tujuao, na ujuzi huo watulemea, kwani hatuwezi tena kumhukumu kwa wepesi kama wanavyomhukumu wao.

Baadaye mama, labda kwa kuogopa siri yake isitoke, anamwahidi faranga 1000 akiwa miongoni mwa watano wa kwanza katika insha. Antoine anasoma kitabu cha Balzac, anakipenda mno, anawasha mshumaa mbele ya sura ya mwandishi huyo hata nusura aiunguze nyumba. Darasani anaandika yaliyomjaa moyoni, na mwalimu anamtangaza kuwa mwizi wa maneno. Mwalimu hakukosea: maneno ni ya Balzac kweli. Lakini wizi wa mvivu ni mbali na wizi wa mtu aliyependa kitabu kwa mara ya kwanza, na darasa lile halina nafasi ya kuupima umbali huo. Sehemu hii ningewaonyesha walimu kwanza, kabla ya wanafunzi.

Mengine yaenda upesi. Antoine anaiba mashine ya taipu katika ofisi ya baba, anashindwa kuiuza, anakamatwa, si alipokuwa akiiiba, bali alipokuwa akiirudisha. Baba anampeleka polisi kwa mkono wake mwenyewe. Katika kituo cha watoto wakosaji anaulizwa maswali na mwanamke mtaalamu ambaye hatumwoni kamwe. Kamera yabaki usoni mwa mtoto, naye asema, bila kulalamika, kwamba mama yake hakutaka azaliwe, na bibi yake ndiye aliyemwokoa. Jean-Pierre Léaud, kijana wa miaka 14 aliyemwigiza, alijibu mengi kwa maneno yake mwenyewe.

Sasa lije shauri gumu. Mengi katika picha hii ni maisha ya Truffaut mwenyewe. Mwaka 1948 baba aliyempa jina, asiyekuwa baba wa damu, alimtia mikononi mwa polisi, naye akafungiwa katika kituo cha Villejuif. Picha ilipotoka wazazi wake waliumia sana. Je, mtoto ana haki ya kuyaanika ya nyumbani mbele ya dunia? Mimi nasema anayo haki ya kueleza maumivu yake, lakini hana haki ya kumpunja mwenziwe katika kueleza. Na nadhani mama wa Antoine amepunjwa. Karibu kila mara anapokuwa mpole, upole wake una hila nyuma yake.

Hapo ndipo picha ya pili yaishinda ya kwanza. Thirteen ilitengenezwa Marekani na Catherine Hardwicke, ikatolewa mwaka 2003. Aliiandika pamoja na Nikki Reed, msichana ambaye hakuwa ametimiza miaka 15, na ambaye pia aliigiza ndani yake. Tracy wa Los Angeles, mwanafunzi hodari, anafuata rafiki mpya katika wizi na madawa ya kulevya, na kwa siri anajiumiza mwili. Kwa ufundi picha hii ni chini ya ile: kamera yatikisika bila kupumzika, na maovu yafuatana mbio mbio hata moyo wachoka kushangaa. Lakini mama yake, aliyeigizwa na Holly Hunter, ni mtu kamili. Asuka watu nywele jikoni mwake, apigana na ulevi wake wa zamani, akosea sana, na mwishoni amkumbatia binti anayemsukuma, wala hamwachilii.

Marekani ilikataza walio chini ya miaka 17 wasiiingie pasipo mkubwa. Uingereza ikaweka miaka 18. Hivyo msichana aliyeiandika hangeweza kukata tikiti London. Siilaumu sheria, maana mengine mle ni mazito. Ila nasema ikitazamwa na mzazi pamoja na mtoto, atakayefadhaika zaidi ni mzazi.

Antoine anatoroka wakati wa mchezo wa mpira, anakimbia hata kufika baharini, mahali ambapo hakupata kufika. Maji yanamgusa miguu, anageuka, anatutazama, na picha yaganda. Truffaut alimrudia Antoine katika picha nyingine, mtu yule yule akiigiza. Katika ile ya mwisho, ya mwaka 1979, Antoine, sasa mtu mzima, anakutana na yule mwanamume wa barabarani. Mzee huyo anamweleza kwamba mama yake alimpenda kwa namna yake, kisha anampeleka kaburini kwake.