"Jaribio la Kurudi Nyuma": Istilahi Ipotoshayo

Hivi karibuni, tulipokuwa Buhongwa katika Jiji la Mwanza, tulionyeshwa orodha ya istilahi zilizotungwa na vijana waandikao programu za kompyuta kwa ajili ya maduka. Juhudi yao yastahili pongezi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, mtumiaji wa kompyuta alipata maneno ya Kiswahili mbele ya macho yake. Lakini maneno ya mtengenezaji wa programu yangali machache. Hata hivyo, istilahi moja katika orodha hiyo hatuwezi kuipitisha bila kuihakiki, nayo ni "jaribio la kurudi nyuma".

Dhana yenyewe ni hii. Programu ikirekebishwa mahali pamoja, huweza kuharibika mahali pengine palipokuwa pazima. Kwa hiyo, kila baada ya badiliko, mambo yaliyokuwa yakifanya kazi hujaribiwa tena ili kuthibitisha kwamba hayakudhurika. Kiingereza hulitaja jaribio hilo kwa neno lenye maana ya kurudi nyuma, kwa kuwa kinachohofiwa ni programu kurudi katika hali mbaya zaidi. Watungaji wetu wamelifasiri neno, wakaiacha dhana: katika Kiswahili chao kinachorudi nyuma ni jaribio, si programu.

Hasara yake si ya nadharia tu. Vijana hao walitusimulia habari za duka moja la vifaa vya ujenzi. Hesabu ya punguzo la bei ilirekebishwa katika programu ya duka hilo. Kijana aliyeagizwa kufanya "jaribio la kurudi nyuma" alidhani ameambiwa ahakikishe kwamba toleo la zamani laweza kurudishwa likihitajika. Alilirudisha, akaona linakubali, akaweka lile jipya tena na kuandika kuwa kazi imekwisha. Punguzo lilikuwa sahihi; lakini bati zilizouzwa hazikutolewa tena katika hesabu ya stoo, na mwenye duka aligundua hayo siku ya kuhesabu mali.

Mfano mwingine, unaojulikana nchini kote, ni mita za LUKU. Tokeni za mita hizo zilikuwa zikitambuliwa kwa hesabu ya dakika iliyoanzia mwaka 1993, na nafasi ya hesabu hiyo ilikuwa ijae tarehe 24 Novemba 2024. Kabla ya siku hiyo wateja walitakiwa kuingiza mafungu mawili ya ziada, kila moja la tarakimu 20, ili mita ianze hesabu mpya. Mtengenezaji wa mita za namna hiyo hawezi kutosheka kwa kuona kwamba badiliko limepokewa. Hana budi kuthibitisha kwamba mita bado inapokea umeme ulionunuliwa, inaonyesha salio, na inakata umeme salio linapokwisha.

Huenda wengine wakapendelea "jaribio la marudio". Istilahi hiyo ni nyepesi, lakini yafaa zaidi kwa jaribio jingine, yaani lile la kuthibitisha kwamba kosa lililorekebishwa limeondoka. Sisi tunapendekeza "jaribio la athari", kwa sababu athari ya badiliko ndiyo itafutwayo, na kila msomaji analijua neno hilo.

Orodha ile pia ina "majaribio ya moja kwa moja", kwa maana ya majaribio yanayofanywa na kompyuta yenyewe. Maneno hayo yamekwisha kuchukuliwa na matangazo ya redio na televisheni. Tuseme "majaribio yanayojiendesha". Kompyuta hupewa vitendo na majibu yatarajiwayo, ikavipitia vyote kila baada ya badiliko, hata usiku, na kutaja vilivyoshindwa. Lakini majibu hayo huandikwa na mtu. Kompyuta isiyoagizwa kuangalia hesabu ya bati haitaona upungufu wake. Na mtu asiyeelewa jina la kazi yake hataiagiza.

Wasomaji, hasa wale waifanyao kazi hii, wanaombwa kutuletea maoni yao kabla istilahi hizi hazijafikishwa mbele ya kamati ya usanifishaji.