Uhakiki wa Matumizi ya "Kwenye" katika Kueleza Mahali pa Protini za Virusi Ndani ya Seli

Sehemu hii inahakiki mazoea yanayoonekana katika maandishi ya Kiswahili ya sayansi, ikiwemo rasimu ya kwanza ya tasnifu hii: kueleza mahali pa protini ya virusi kwa neno moja tu, "kwenye". Sentensi "protini hii hupatikana kwenye kiini cha seli" ni sahihi kisarufi, lakini haimwambii msomaji iwapo protini imo ndani ya kiini au imenata juu ya utando wake. Kibiolojia, hayo ni mambo mawili tofauti.

Antijeni T kubwa ya virusi vya SV40 ni mfano mzuri. Mwaka 1984 ilibainishwa kuwa kipande cha asidi amino 7 tu chatosha kuiwezesha kuingia kiinini. Asidi amino moja ya kipande hicho ikibadilishwa, protini hubaki katika saitoplazimu. Kiswahili kina viambishi vya mahali vya kueleza tofauti hiyo: ya kwanza imo kiinini, ya pili haimo. "Kwenye" huifuta tofauti hiyo.

Hata hivyo, "imo" nayo haitoshelezi daima. Protini Rev ya VVU, ikitazamwa kwa hadubini, huonekana zaidi kiinini, na mwandishi mwenye haraka ataishia hapo. Lakini kazi yake ni ya safari: huingia kiinini, hushika RNA ya virusi ambayo haijakatwa, huitoa hadi katika saitoplazimu, kisha hurudi. Isipotoka, protini za kuunda virusi vipya hazitengenezwi. Picha tuli huonyesha ilikokutwa, si inakokwenda.

Inaweza kudaiwa kuwa muktadha utamsaidia msomaji. Hoja hiyo ina uzito katika mazungumzo ya kawaida, lakini ni dhaifu kwa mwanafunzi anayekutana na jambo hili kwa mara ya kwanza. Muktadha alionao ni sentensi hiyo hiyo. Akishaamini kuwa Rev imetulia "kwenye kiini", hatawaza kuizuia mlangoni inapotoka.

Kwa hiyo, tasnifu hii inatumia -mo kwa kilicho ndani, -po kwa kilicho juu ya utando, na kitenzi chenye hu- kwa protini isafirio.