Tuta Lipitie Mkutanoni

Mkutano wa mtaa haupigiwi makofi, lakini katika kata kama Mutuka, mjini Babati, unastahili pongezi. Mzazi anayehofia pikipiki zinazokimbizwa mbele ya shule hupata pa kusemea: hoja hujadiliwa mbele ya mwenyekiti, mtendaji huiandika kwenye muhtasari, kisha barua ya kuomba tuta, yenye mhuri, hupanda hadi kata na kwa mhandisi. Hapo huulizwa barabara ni ya nani. Barabara kuu ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za mitaa ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza kazi mwaka 2017. Ombi likigonga mlango usio wake, hukwama.

Wapo wanaosema mlolongo huo ni mrefu mno, heri wakazi wachukue sururu na kujaza udongo wenyewe. Uchungu wao una msingi, kwani gari la kilomita 50 kwa saa hugonga kwa nishati inayokaribia mara tatu ya lile la 30. Hata hivyo, tuta la kienyeji, lenye ncha kali, lisilo na rangi wala alama, humwangusha bodaboda usiku na kumtesa mgonjwa anayewahishwa hospitali. Tena kuna mwenye duka anayelitaka ili wateja wasimame kwake. Mkutanoni majirani humuumbua. Kinachohitaji kurekebishwa ni ukimya baada ya barua kupokelewa: mhandisi ajibu kwa maandishi, na jibu lisomwe mkutano unaofuata.